Mkwe Juu ya Bati la Mama

Avenue Mulolwa,
Kataki, Kalemie.
Tarehe 16 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ruben,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, zikukute wewe, wifi yangu na watoto mkiwa wazima wa afya. Watoto wanaendeleaje na masomo? Na ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi, umepona au bado unatembea kama mtu aliyepoteza sindano? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua na presha inapanda na kushuka, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi naumwa na jino tu, lile la nyuma, na wewe unajua jino likiniuma nasema sana. Kaa chini, barua hii si fupi.

Nasikia huko Lusaka umeme wenu unakatika asubuhi na jioni. Pole sana. Sisi upande huu wa Kataki hatukatiwi kabisa. Ili mtu akatiwe umeme, lazima kwanza awe nao.

Nimempa Jean-Pierre barua hii. Anakwenda Mpulungu na magunia yake ya ndagala, na kutoka pale atampa dereva wa basi. Nimemwambia asiiweke pamoja na samaki lakini simwamini, kwa hiyo kama inanuka, usinilaumu mimi. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, ila Mama amekataa. Anasema mambo ya ukwe hayasemwi kwenye simu, kwa sababu huwezi kujua nani mwingine amekaa ndani yake anasikiliza.

Habari yenyewe ni ya taa. Mwezi wa saba walikuja watu wa mradi wa Serikali, wakatangaza kwamba kuna ruzuku ya paneli za jua za nyumbani. Serikali inalipa sehemu kubwa ya bei, mwenye nyumba anaongeza kidogo, halafu unafungiwa paneli juu ya bati, betri ndani ya nyumba, na taa katika kila chumba. Avenue nzima ilicheka. Jirani yetu Mama Rosine alisema kitu cha Serikali kikipanda juu ya nyumba yako, kinapanda kuhesabu kuku wako. Alisema hivyo hadharani, mbele ya watu, na kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amekalia kiti alichotoka nacho nyumbani.

Mimi nilitaka ile paneli kuliko mtu yeyote, na sasa nikuambie kwa nini. Ulikuwa hujui, kwa sababu sikutaka ukose usingizi huko. Kiangazi hiki Mama alijikwaa gizani kwenye korido, akaangukia beseni langu la unga wa mandazi. Aliingia mpaka viwiko. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, alikuwa mweupe kama mtu aliyekuja kwa ndege. Yeye hakucheka. Alijipangusa polepole, akaniambia, "Huguette, kama njo giza tu, ile ya Nyunzu naizoea. Miye nitarudia kwetu. Kule hata nikianguka, naanguka mu shamba yangu."

Nilidhani ni hasira ya goti. Lakini wiki ile ile alianza kuwauliza watu habari za treni, nani amerudi, mashamba ya upande wetu yanalimwa na nani. Kweli, siku hizi wengi waliokimbia vita wamerudi Nyunzu. Ila wale wana miguu. Mama ana presha inayotaka daktari aliye karibu, na nyumba yetu ya kule imebaki ukuta mmoja na jina. Na tangu mume wangu afariki, Ruben, katika nyumba hii tuko wawili tu. Nikuambie wazi, niliogopa. Nilimwomba angoje taa. Akakubali, lakini kwa masharti. Taa ikiwaka ndani ya chumba chake mwenyewe atafikiri tena. Isipowaka, anapanda treni ya kwanza itakayokubali kuondoka.

Basi tukajiandikisha. Kiwanja kiko kwa jina la Mama tangu Papa alipotuacha, kwa hiyo mwenye ruzuku ni Mama Elisabeth mwenyewe. Kila mtaa umepewa fundi mmoja aliyefunzwa na mradi, na bila yeye hakuna anayeruhusiwa kugusa hata msumari. Nikaenda kuuliza fundi wetu wa Kataki ni nani. Nikajibiwa ni Achille. Achille wetu, mume wa mdogo wangu Gisèle. Nilipiga vigelegele palepale bironi kwa watu wa mradi. Halafu nikakaa chini, maana akili ilinifikia ikiwa imechelewa.

Wewe umekaa ugenini sana, labda umeanza kusahau. Mama yetu anashika ukwe kama walivyoushika wazee wake. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja, na chumba anacholala mama mkwe ni mwiko mkwe kukikanyaga. Tangu Gisèle aolewe, Mama anamjua Achille kwa mgongo tu. Siku moja sokoni Achille alimwona Mama anakuja, akajitupa ndani ya mlango wa kwanza aliouona. Ilikuwa saluni ya wanawake. Alikaa mle mpaka wakamuuliza kama anataka kusukwa.

Sasa mtu kama huyo apande juu ya bati, na Mama yuko chini yake! Kwetu, mkwe kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe ni matusi. Afadhali amkanyage mguu na kumwomba radhi.

Tuliona ni jambo dogo. Siku ya kufungiwa, Mama akaenda kukaa kwa Mama Rosine, Achille akaja na ngazi yake, akapanda. Hakuwa amepiga hata msumari mmoja, akaingia Papa Ruphin. Huyu ndiye ajenti wa mradi, mtu wa Ankoro, mnene, mpole, anayependa sheria kama wengine wanavyopenda bia. Akauliza mwenye ruzuku yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa jirani. Akamshusha Achille mara moja. Kumbe sheria inasema mwenyewe awepo nyumbani kwake tangu msumari wa kwanza mpaka taa ya mwisho, kwa sababu mahali pengine watu walifungiwa paneli kwenye nyumba zisizo zao, wakazing'oa na kuziuza.

Nilimweleza habari ya ukwe. Papa Ruphin alivua kofia yake, akaishika kifuani. "Mama Huguette, miye pia niko na mama mukwe, nakuelewa sana. Lakini reglema ya mradi haina mama mukwe." Akasema anarudi Ijumaa, na Ijumaa ni mwisho. Paneli zitakazobaki zinapakiwa kwenda Kabimba.

Hapo avenue nzima ikawa baraza letu. Wengine walisema Mama akae ndani chini ya mwavuli, ili kati yake na mkwe kuwe na mapaa mawili. Mama akasema matusi hayazuiwi na mwavuli. Mama Rosine akashauri ajifiche chini ya meza, na Mama akamtazama mpaka akaomba njia akaenda kupika. Gisèle yeye alisema aachike Ijumaa, Achille afunge paneli akiwa si mkwe wa mtu, halafu waoane tena Jumamosi. Achille, aliyekuwa nyuma ya ukuta kwa heshima, akauliza kwa unyonge kama Jumamosi mahari itaanza upya.

Mama aliwasikiliza wote kutwa nzima. Jioni akiwa anachambua majani ya sombe akasema tu, "Kama yeye hawezi kuwa juu yangu, basi miye nitakuwa juu yake."

Unaikumbuka shato ya maji aliyoijenga marehemu Papa nyuma ya jiko? Zile nguzo nne za saruji na sakafu juu, alizojenga ili siku mabomba yatakapofika pipa letu liwe refu kuliko la jirani. Pipa halikupanda kamwe. Ijumaa asubuhi alipanda Mama. Tulimsukuma kwa nyuma mimi na Gisèle, ngazi ikilia, yeye akituonya tusimshike vibaya mbele za watu. Alivaa kitenge chake cha tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake. Tukampandishia kiti, mwavuli na karanga. Alipokaa na kukunja mikono, kichwa chake kilipita ncha ya paa letu, na Kataki yote aliiona chini yake. Alifurahi mno, nilimwona, ingawa alijikaza.

Papa Ruphin alizunguka shato mara mbili. Akatazama uzio, akamtazama Mama. Mwishowe akaamua kwamba shato iko ndani ya kiwanja, kwa hiyo mwenye ruzuku yuko nyumbani kwake, na hakuna mahali palipoandikwa awe na urefu gani kutoka ardhini. Watu wakapiga makofi.

Achille akapanda kwenye bati akiwa amempa Mama mgongo. Alifanya kazi kinyumenyume kama kaa, uso wake ziwani, na kila alipotaka chombo alikipapasa nyuma yake. Na kwa kuwa hawasemeshani, mimi ndiye niliyewekwa katikati, chini ya ngazi, kupeleka maneno, Mama akiniita Huguette na Achille akiniita Yaya, dada mkubwa.

"Huguette, ambia ule muntu, ile pano ya jua imelala upande."

"Achille, Mama anasema imelala upande."

"Yaya, umuambie njo inavyotakiwa. Inaangalia jua."

"Mama, anasema inaangalia jua."

"Umuambie jua iko huku! Miye naiona vizuri kumupita, niko karibu nayo."

Watu walikuwa wameleta viti. Mama alimkosoa misumari, nyundo na hata suruali, akisema mshono wake umeshonwa na mtu mwenye haraka. Ile suruali aliishona Gisèle. Nilipeleka kila neno, mengine nikayapunguza chumvi njiani. Lakini jua lilipokuwa kali, Mama alisema kitu ambacho sikukitegemea. "Umuambie avae kofia. Watoto za wenyewe wanakufaka na jua." Achille akavaa kofia, na kwa muda hakupiga nyundo.

Kazi ya juu ikaisha vizuri. Ikabaki ya ndani, na hapo ndipo nilipoingia mimi kwenye historia ya umeme. Chumba cha Mama Achille hawezi kukikanyaga, na Gisèle alikuwa ameshaanza kujibizana na watu habari ya suruali. Basi Achille akasimama nje ya dirisha la Mama, mgongo kwa ukuta, akinielekeza. Nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Ruben, mimi najua kukanda unga. Nilijipiga nyundo kwenye kidole gumba, nikafunga taa ikitazama dari, na swichi nikaiweka nyuma ya kabati, mahali ambapo mtu akitaka kuwasha lazima kwanza aingie kati ya nguo za Mama. Tulipojaribu, sebule ikawaka, jiko likawaka, chumba changu kikawaka. Cha Mama kikabaki giza. Na bila kile chumba, Papa Ruphin hawezi kupokea kazi, na Mama hana sababu ya kubaki. Nilikaa juu ya kitanda chake, kidole mdomoni, machozi karibu.

Hapo upepo ukatoka ziwani. Wewe unazijua mvua zetu za mwezi wa kumi, hazibishi hodi. Mawingu yakaja meusi, radi ikapiga upande wa mlima, wale watazamaji wenye viti wakavibeba vichwani wakakimbia. Nikasikia sauti ya Mama kutoka juu, "Huguette! Nishushe!"

Goti lilikuwa limekufa ganzi kwa kukaa. Hakuweza kulikunja, sembuse kukanyaga ngazi. Mimi nilipanda mpaka katikati, nikatazama chini, nikashuka. Gisèle alikuwa na mimba changa, nikamkataza. Papa Ruphin alijitolea kwa moyo wote, lakini ngazi ilipoonja tumbo lake ikatoa mlio, akashuka kwa heshima. Wanaume wa avenue walikuwa wamebaki wawili, na kila mmoja alimtazama mwenzake. Mama alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, mwavuli umegeuka nje ndani. Sikuwahi kumwona Mama akiogopa, hata siku tulipotoka Nyunzu kwa miguu. Siku ile aliogopa.

Achille alikuwa chini ya upenu, amekodolea macho matope. Mara akasema, "Yaya, nipe kitenge." Akajifunga macho. Nilielewa. Ili asimwone. Akaanza kwenda kwenye ngazi akiwa amejifunga hivyo, akagonga nguzo ya shato kwa paji la uso, akapapasa, akagonga nguzo ya pili.

Kutoka juu Mama akapiga kelele, "Mutoe ile kitu! Ataniua na yeye akufe!"

Akajifungua. Akapanda. Mama akajitupia kitenge kichwani mwake mwenyewe, akasema, bila mimi kupeleka neno, "Miye sikuone, na weye usinione." Achille akachuchumaa, Mama akamkumbatia shingo, na mkwe akamshusha mama mkwe mgongoni, kama tulivyobebwa sisi zamani, mvua ikiwachapa, karanga zikimwagika hatua kwa hatua. Mama Rosine mlangoni kwake alifumba macho kwa mikono, vidole akaviachanisha.

Alipomweka chini, upepo ukachukua kile kitenge. Wakabaki uso kwa uso.  Mimi nilikuwa na ile mvua mdomoni nikasahau kuitema. Mama alimtazama Achille kwa muda, kuanzia lile paji lililovimba mpaka miguuni, kama mtu anayepokea mgeni aliyechelewa.

"Achille," akasema. Alimwita kwa jina lake. "Kumbe njo uko hivi. Mbona umekonda? Gisèle hakulishaka?"

Gisèle akaanza kujitetea, hakuna aliyemsikiliza. Achille akajifunika lile paji kwa kiganja.

"Umenibeba mu mugongo," Mama akaendelea. "Haya gani imebakia tena kati yetu? Ingia mu chumba, mutoto yangu, uwashe ile taa. Huguette ameiharibu."

Achille alivua viatu mlangoni. Aliingia polepole kama anayeingia sakristia. Alipoiona swichi yangu nyuma ya kabati nilimsikia akikohoa ili asicheke, halafu akashindwa. Akatengeneza. Taa ikawaka ndani ya chumba cha Mama, nyeupe kabisa, mpaka tukaona buibui tuliokuwa tunaishi nao bila kujuana.

Papa Ruphin akapiga picha zake, maji yakimtiririka. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo, maana mambo ya Nyunzu sikuwahi kumweleza. "Mama Elisabeth, swali ya mwisho. Hii vitu inabaki kwa muntu anayekaa hapa. Kama unahama, tunaitosha, inaenda Kabimba. Utakaa hapa?"

Mama alikuwa ameketi kitandani, kitenge chake kinadondosha maji. Alitazama taa. Akanitazama mimi na kidole changu kilichofungwa kitambaa. Akamtazama Achille, aliyekuwa amepiga magoti akikausha matope yake sakafuni kwa shati lake mwenyewe.

"Niende wapi, Papa Ruphin?" akasema. "Kule nani atanibeba?"

Nilikwenda jikoni nikalia mpaka nikashiba. Gisèle akanikuta, naye akalia, ingawa yeye nadhani alikuwa bado analilia suruali.

Sasa mambo yamegeuka. Mama amegundua ana mkwe, na anamtumia kama kitu kipya. Kukikucha tu anamwita. Aje aangalie taa kama imechoka. Aje aonje samaki wa mikebuka. Aje amweleze kwa nini mimba ya Gisèle ilichelewa kuja. Akikaa anapewa bukari, ugali wa watu watatu, na Mama anamsimamia mpaka sahani iwe safi. Ameanza kunenepa na ameanza kuchelewa kazini. Juzi alinifuata sokoni kwenye mandazi yangu, akatazama kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wazee wetu hawakuacha desturi yoyote ya kuirudisha ile haya. Nikamwambia ya kuivunja iko, ya kuirudisha sijasikia. Akanunua mandazi mawili, akaenda, na mbali kule nikamwona anaingia haraka kwenye mlango wa saluni. Nilipogeuka, Mama alikuwa anakuja na sahani.

Nisalimie sana wifi yangu na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Gisèle na Achille wanawasalimu. Papa Ruphin hakujui, lakini naye kasema nikusalimie. Mama Rosine anauliza kama huko mitumba ni rahisi. Mama anakuombea Mungu akuzidishie nguvu za kifua na riziki isiyokimbia, na nyumba yako isikose mtu wa kuitunza. Anasema pia uje, na uje na mke wako. Anataka kuona kama na yeye amekonda.

Nakuaga kwa mikono miwili, mdogo wangu.

Wako akupendaye kutoka upande huu wa ziwa,
Dada yako Huguette